Mkono Ndani ya Kofia

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii nimeifundisha kwa takriban miaka ishirini, nimeitungia maswali ya mtihani, na nimewakata alama wanafunzi wengi walioshindwa kuieleza. Hata hivyo sikuielewa barabara hadi siku nilipoiwamba ngoma mimi mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya kadamnasi ya watu, katika ufuko wa Ziwa Mweru. Jambo lenyewe lilihusu mashindano ya mashua, na bila shaka msomaji atauliza mashua zina uhusiano gani na jarida la walimu wa Kiswahili. Namwomba avute subira. Mwisho wa maelezo haya tutarudi darasani, maana ndiko nilikokutwa na hatia ya pili.

Mimi ni mzaliwa wa pwani ya Tanga, na mke wangu ni mwenyeji wa Kashikishi, mji ulio pua na mdomo na Nchelenge, kaskazini mwa Zambia. Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,100, na mpaka wa Zambia na Kongo hupita majini. Mto Luapula huliingia upande wa kusini, kisha maji hutoka kaskazini, penye mji wa Pweto, yakiitwa Luvua. Upande wetu lugha ya nyumbani na sokoni ni Kibemba. Ng'ambo, katika miji ya Pweto na Kilwa (si Kilwa yetu ya Kisiwani, bali jina tu limefanana), Kiswahili ndicho lugha ya kila siku. Samaki, unga, sabuni na vitenge huvuka maji kila wiki, na watu huvuka navyo. Kwa sababu hiyo niliombwa kufungua darasa la Kiswahili la jioni, na wanafunzi wangu ni wa aina mbili: vijana wa Kibemba wanaoanza na "hujambo", na vijana waliozaliwa ng'ambo, ambao Kiswahili wamekinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Miaka minne iliyopita darasa hilo liliazimia kuandaa mashindano ya mashua katika mwezi wa Agosti, shule zinapofungwa na upepo wa kusini-mashariki unapovuma. Zawadi ilikuwa mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25, ulionunuliwa kwa michango yetu. Njia ilikuwa fupi: kutoka ufukoni hadi kwenye dumu la njano lililotiwa nanga ya jiwe, kulizunguka, na kurudi, huku mashua ya injini ikingoja kando kuokoa watakaopinduka. Kwa kuwa mimi ndimi mwalimu, nikafanywa mwamuzi. Sheria niliyoitangaza ilikuwa moja tu: kila chombo kiende kwa tanga, bila kasia, na wa kwanza kufika ndiye mshindi.

Vyombo vilivyokuja vilikuwa mitumbwi ya gogo moja na mashua za mbao, vikiwa na matanga ya magunia yaliyoshonwa. Lakini ndugu wawili, wanafunzi wangu waliotoka upande wa Pweto, walikuja na kitu ambacho ufuko ule haukukizoea. Walikuwa wamechukua mitumbwi miwili myembamba, wakaiweka sambamba kwa nafasi ya hatua mbili, wakaiunganisha kwa miti mitatu iliyofungwa kamba madhubuti, na katikati wakasimamisha mlingoti. Watu walicheka. Baada ya dakika kumi hakuna aliyecheka. Mitumbwi ile pacha ililalia upepo bila kuinama, ikapasua maji kama kisu, ikazunguka dumu na kurudi wakati wengine wakiwa bado wanakwenda. Waliofika wa pili walifika muda mrefu baadaye.

Kelele zikapigwa pale pale. Wengine walisema hicho si chombo kimoja bali viwili. Wengine walisema ni ujanja wa ng'ambo. Nami, kwa hofu ya kelele zile, nikatamka kwamba chombo chenye matumbo mawili hakikukusudiwa na sheria, nikaufuta ushindi wao, na kumpa zawadi aliyefika wa pili. Huyo wa pili, ndugu msomaji, alikuwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu.

Yule kaka mkubwa hakupiga kelele. Alinijia jioni, wakati nakusanya daftari langu, akasema kwa Kiswahili chao cha Katanga: "Mwalimu, ulipima bwato ao ulitupima siye?" Bwato ni mtumbwi. Sikuwa na jibu. Kwa muda wa miezi miwili yeye na mdogo wake hawakukanyaga darasani, na mimi nikawa nalala na swali lile.

Mtu aliyekosea hutafuta wenzake, nami nikawapata wangu katika historia. Katika mwezi wa Juni 1876, Marekani ilipokuwa ikisherehekea miaka mia moja ya taifa lake, kulifanyika mashindano makubwa ya mashua huko New York. Fundi kijana aitwaye Nathanael Herreshoff, mwenye umri wa miaka 28, alileta chombo cha matumbo mawili alichokiita Amaryllis. Kiliziacha nyuma mashua mashuhuri. Wenye mashua hizo wakateta, ushindi wake ukatenguliwa, na vyombo vya namna ile vikafungiwa mlango wa mashindano ya kawaida kwa muda mrefu. Niliposoma habari hizo nilijiona nimesimama miongoni mwa waamuzi wale, kofia yangu ya viua kichwani. Herreshoff hakuvunja sheria iliyoandikwa. Kosa lake lilikuwa kushinda kwa njia ambayo wenye sheria hawakuifikiria.

Vyombo hivyo hivi leo huitwa katamarani. Jina hili limetoka katika lugha ya Kitamil ya Kusini mwa Bara Hindi, nalo lina maana ya magogo yaliyofungwa pamoja. Sisi watu wa pwani tuna jamaa yake wa karibu, yaani ngalawa, ambayo ni mtumbwi mmoja uliopewa ndubi mbili ubavuni ili usipinduke. Kwa hiyo vijana wale wa Pweto hawakuvumbua uhuni wowote. Walifanya jambo lililofanywa na watu wa bahari tangu kale, nalo ni kufunga mti kwa mti ili kupata upana bila kuongeza uzito mwingi.

Hapana budi hata hivyo kukiri kwamba waliolalamika nao walikuwa na hoja. Mtu mwenye mtumbwi mmoja mzito hawezi kuishinda katamarani kwenye upepo mzuri, hata awe nahodha hodari kiasi gani. Ukivishindanisha vyombo hivyo bila kusawazisha, huwi unashindanisha mabaharia, bali unashindanisha mafundi, na pengine mifuko ya wanaowalipa mafundi. Basi katika nchi ambako mchezo huu umeenea, watu walibuni utaratibu wa kukipa kila chombo namba yake, na muda wa chombo hurekebishwa kwa namba hiyo. Waingereza huuita utaratibu huo handikapu. Darasani petu tulikubaliana kuuita kisawazisho.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kanuni ya Portsmouth ya Uingereza, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1940. Muda uliotumika huzidishwa kwa 1000, kisha hugawanywa kwa namba ya chombo. Chombo chenye kasi hupewa namba ndogo, na chombo kizito hupewa namba kubwa. Tuseme katamarani ina namba 800 na imetumia dakika 40. Muda wake uliosawazishwa ni dakika 50. Mtumbwi wenye namba 1200 umetumia dakika 57. Muda wake uliosawazishwa ni dakika 47 na nusu. Mtumbwi umefika nyuma kwa dakika 17, na bado ndio ulioshinda.

Nilidhani nimepata dawa. Kumbe ugumu haumo katika kugawanya. Umo katika swali la namba hutoka wapi. Njia ni mbili. Njia ya kwanza ni kutazama chombo kilivyokwenda siku zilizopita, na ndiyo njia ya Portsmouth: matokeo ya mashindano mengi hukusanywa, nayo namba hurekebishwa kadiri ushahidi unavyoongezeka. Njia ya pili ni kupima chombo chenyewe kabla hakijaingia majini: urefu, uzito na eneo la tanga. Hivyo ndivyo inavyofanya kanuni ya Texel, yenye jina la kisiwa cha Uholanzi ambako katamarani hushindana kukizunguka tangu mwaka 1978.

Mwaka wa pili nilitumia njia ya kwanza. Kwa Jumamosi tatu kila chombo kilikwenda majaribio, nami nikaandika muda na kutoa wastani. Siku ya mashindano mashua moja nzito ya mbao, iliyokuwa ikijikokota katika majaribio yote matatu, ilikwenda kama iliyotiwa injini, na kwa namba yake kubwa ikashinda bila taabu. Baadaye mtoto mmoja wa kike, asiyejua kuficha, akanieleza kwamba katika majaribio nahodha wake alikuwa akiburuta ndoo chini ya maji. Nilicheka, kisha nikasikitika. Kanuni inayotazama mwenendo uliopita humlipa anayejifanya mnyonge.

Mwaka wa tatu nikahamia njia ya pili. Urefu tuliupima kwa kamba. Eneo la tanga lilipimwa na fundi cherehani. Uzito haukuwezekana kwa mizani ya samaki, tukaukadiria kwa idadi ya watu wanaohitajika kukinyanyua chombo. Hapa hakuna awezaye kuficha ndoo. Lakini siku hiyo upepo ulikuwa mkali, na mitumbwi pacha, maana vijana walikwisha kuigana na sasa ilikuwapo mitatu, ikapaa na kuondoka na ushindi wote. Wazee wakasema namba zangu zimewapendelea. Jumamosi iliyofuata tukarudia kwa namba zile zile, upepo ukawa hafifu, na mitumbwi pacha yote mitatu ikashika mkia.

Sababu yake ni ya maumbile. Chombo cha matumbo mawili huwa na sehemu kubwa inayosuguana na maji; upepo ukiwa mdogo, msuguano huo hukirudisha nyuma. Upepo ukiwa mkubwa, upana wake hukizuia kuinama, kikabeba tanga lote wakati mtumbwi mmoja unalazimika kupunguza tanga au kupinduka. Kwa hiyo hakuna namba moja iliyo ya haki katika kila upepo. Hata mabingwa wa dunia hawakuweza kulikwepa jambo hili. Marekani kanuni yao ya Portsmouth huwa na namba tofauti kulingana na nguvu za upepo. Na katika Michezo ya Olimpiki hawasawazishi kabisa, bali hutaka katamarani zote ziwe za muundo mmoja: Tornado tangu 1976 hadi 2008, na Nacra 17 tangu 2016. Hilo ni suluhisho safi kwa mwenye fedha. Kule ufukoni petu kila mtu hushindana kwa chombo anachovulia samaki, na kumwambia mvuvi anunue chombo kinachofanana na cha jirani yake ni kumfukuza mashindanoni.

Nilikuwa karibu kukata tamaa ndipo nikaona, kwa desturi ya ualimu wa lugha, nilitafute neno lenyewe lilikotoka. Handikapu ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mkono ndani ya kofia", nayo yalikuwa jina la mchezo wa zamani wa kubadilishana vitu. Mtu mmoja alitaka kubadili, tuseme, joho lake kwa saa ya mwenzake. Mtu wa tatu alichaguliwa kuwa mwamuzi, naye alitamka ni kiasi gani mwenye kitu duni aongeze ili mambo yawe sawa. Wote watatu walikuwa wameweka fedha kidogo rehani. Kisha wale wawili waliingiza mikono katika kofia, wakaitoa kwa pamoja, ama wazi ama imekunjwa, kuonyesha kama wamekubali au wamekataa. Wakikubali wote, au wakikataa wote, fedha za rehani zilikuwa za mwamuzi. Mmoja akikubali na mwenzake akakataa, fedha zilikuwa za yule aliyekubali. Mwamuzi hakufaidika kwa kumpendelea yeyote. Alifaidika pale tu makadirio yake yalipowaonekania wote wawili kwa namna moja.

Nilipoyasoma hayo nikaona nilichokikosa kwa miaka mitatu. Nilikuwa nikitafuta namba isiyo na dosari, na namba ya namna hiyo haipo. Haki ya kisawazisho haikai katika namba peke yake, bali katika mambo matatu yanayoizunguka. Kwanza, namba ipime chombo, isimpime mtu wala anakotoka. Pili, itangazwe na kukubaliwa kabla ya tanga kupandishwa, wala isiguswe baada ya matokeo kujulikana. Tatu, anayeitoa asiwe na ngozi ya kuvutia kwake. Nikiyatazama maamuzi yangu ya mwaka wa kwanza, nilivunja yote matatu kwa sentensi moja.

Agosti iliyopita tulifanya hivi. Mimi nilijiuzulu uamuzi. Tulimwomba mvuvi mzee, asiye na chombo wala ndugu katika mashindano, apange namba. Nilipomwendea na kumwambia, "Mwapoleni mukwai, shikulu, tunaomba macho yako," alinijibu kwamba macho yake yamechoka, lakini yamewahi kuona pepo nyingi. Alivitazama vyombo kumi na viwili kimoja kimoja, akagusa matanga, akauliza umri wa kila gogo, maana gogo kuukuu hunywa maji na kuwa zito, jambo ambalo sikuliweka katika hesabu zangu hata mara moja. Akataja namba mbili kwa kila chombo, moja ya upepo mdogo na moja ya upepo mkubwa. Kisha nikavua kofia yangu, na kila nahodha akapewa sarafu ya kwacha moja. Aliingiza ngumi ndani ya kofia. Aliyekubali aliiacha sarafu, aliyekataa alitoka nayo, na hakuna aliyejua mwenzake amefanya nini.

Mara ya kwanza zilipatikana sarafu saba. Mzee akasikiliza malalamiko, akarekebisha namba chache. Mara ya pili zikapatikana kumi. Akarekebisha tena. Mara ya tatu zilikuwa kumi na mbili. Ndipo tukaenda majini.

Wale ndugu wawili, ambao walikwisha kurudi darasani, walifika ufukoni wa kwanza kama kawaida yao, na baada ya kusawazishwa wakawa wa nne. Mfuko wa unga ulikwenda kwa mama mmoja mchuuzi wa samaki aliyeendesha mtumbwi wa marehemu mumewe. Nilimtazama kaka mkubwa kwa wasiwasi. Alitikisa kichwa, akasema, "Nimeshindwa, Mwalimu, lakini namba niliiacha mwenyewe katika kofia." Tumezoea kuwaambia vijana kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli. Lakini kukubali kushindwa huanza kabla ya mashindano, katika kukubali kipimo. Na asiyepewa nafasi ya kukikubali kipimo hatuna haki ya kumlaumu akikataa matokeo.

Sasa turudi darasani kama nilivyoahidi. Usiku ule nilifungua daftari la alama. Vijana wa Kibemba, waliojifunza kila ngeli kutoka ubaoni, walikuwa na alama za juu. Vijana wa kutoka Pweto, wanaoota ndoto kwa Kiswahili, walikuwa na alama za chini, maana kila walipoandika "ao" badala ya "au" niliwakata, na kila walipotumia neno la kwao nililipigia mstari mwekundu. Simaanishi kwamba Kiswahili sanifu kisifundishwe. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea stashahada yangu. Wala kusawazisha si jambo geni katika elimu. Tanzania katika miaka ya 1970 iligawa nafasi za sekondari kwa mikoa, ili mtoto aliyezaliwa mbali na shule nzuri asihesabiwe kana kwamba alianzia mahali pamoja na wenzake. Ninalosema ni kwamba mimi sikuwahi kuwaambia wanafunzi, kabla ya kalamu kushikwa, ninapima nini. Nilikuwa nikiwatahini kwa kipimo cha Tanga, kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga.

Tangu muhula huo, kabla ya kila jaribio natangaza hadharani kinachopimwa: leo ni tahajia, kesho ni ufasaha wa kusimulia, keshokutwa ni ufahamu. Katika kusimulia, vijana wa ng'ambo huwaacha wenzao mbali, na katika tahajia huachwa. Alama zao sasa zinakaribiana, na ugomvi umepungua, ingawa haujaisha. Walimu wenzangu mnaofundisha penye mipaka, mahali ambapo Kiswahili hukutana na Kiswahili kingine, mtanielewa. Kabla ya kushika kalamu nyekundu, na tujiulize lile swali la ufukoni: tunapima bwato, ao tunawapima wao?